Mnatupia P/E ya Nasdaq-100 bila kusema imekokotolewaje. Acheni!

Wakuu, imetosha. P/E ni thamani ya soko ya kampuni ikigawanywa kwa faida yake ya mwaka, na Nasdaq-100 ni fahirisi (kipimo cha bei za hisa) ya kampuni kubwa zisizo za fedha kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani. Kila mara mtu anabandika picha ya jedwali: "P/E imepaa, uzeni." Anakuja mwingine na namba iliyo nusu ya hiyo: "Bei poa, nunueni." Hakuna anayesema namba yake imetoka wapi, na kuna watu wanahamisha akiba zao kwa kuwafuata.

Chukua kampuni tatu tu, kwa mabilioni ya dola. A ina thamani ya soko 600 na faida ya mwaka 30, P/E 20. B ina thamani 400, faida 2, P/E 200. C ina thamani 100 na hasara ya 6. Ukipiga wastani wa P/E za A na B kwa uzito wa thamani, unapata 92. Ukigawa jumla ya thamani zao kwa jumla ya faida, unapata 31.25. Mrudishe C na hasara yake, 1,100 kwa 26, inakuwa 42.3. Soko ni lile lile, siku ile ile!

Hiyo 92 ni takataka, kwa sababu P/E hupaa bila kikomo faida inapokaribia sifuri. Hiyo 31.25 imeficha hasara. Fanya hivi: kwa kila kampuni gawa faida kwa thamani ya soko, zidisha kwa uzito wake ndani ya fahirisi (Nasdaq-100 hurekebisha uzito wa vigogo, kwa hiyo usijitungie), jumlisha zote, hasara zikiingia kama hasi, kisha gawa 1 kwa jumla hiyo.

Na kufuta wenye hasara si jambo dogo. Mwaka 2022 Amazon ilipata hasara ya dola bilioni 2.7, kwa sababu hisa zake za Rivian, kampuni ya magari ya umeme, zilishuka thamani kwa bilioni 12.7 kabla ya kodi. Kanuni za uhasibu za Marekani zinataka mabadiliko hayo yapite kwenye faida hata kama hakuna hisa iliyouzwa. Anayefuta wenye hasara aliiondoa mojawapo ya kampuni nzito kabisa. Robo ya mwisho ya 2021 ilikuwa kinyume: faida ya bilioni 14.3 ilibebwa na ongezeko la bilioni 11.8, kabla ya kodi, la Rivian hiyo hiyo.

Wa P/E ya makadirio, yaani inayotumia faida inayotarajiwa, nanyi mnakera. Faida za wachambuzi mara nyingi huacha nje malipo ya wafanyakazi kwa hisa, kisha mnazilinganisha na faida halisi ya miezi 12 iliyopita.

Na mnaochanganya fahirisi: kilele cha 5,048.62 cha tarehe 10 Machi 2000 ni cha Nasdaq Composite, fahirisi nyingine yenye maelfu ya kampuni, si Nasdaq-100.

Atakayeleta namba aandike: miezi 12 iliyopita au makadirio, hasara zimo au hazimo, bei ni ya tarehe gani. Asipoandika, wasimamizi futeni.