Nianzie wapi kujifunza kuandika skripti za michezo ya kompyuta?

Mwanagenzi wa Uyole (Mbeya)

Habari zenu, wanajukwaa. Nimemaliza kidato cha sita na nipo nyumbani Uyole nikisubiri nafasi ya chuo. Ningependa kuutumia muda huu kujifunza kuandika skripti za michezo ya kompyuta. Hisabati naimudu vizuri, ila sijawahi kuandika msimbo wa aina yoyote. Nina kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua Mwanjelwa, yenye RAM ya GB 4. Intaneti yangu ni ya bando la simu, kwa hiyo programu ya gigabaiti kadhaa siwezi kuipakua, na umeme ukikatika betri haichukui muda kuisha.

Lengo langu ni kutengeneza bao la kete ambalo watu wawili wataweza kulicheza kwenye kompyuta moja. Nimekutana na majina mengi ya zana na lugha za kutengenezea michezo, yakiwemo Unity, Godot, Roblox, Lua na Scratch, na kila anayeeleza anasema lake ndilo la kuanzia. Naomba wenye uzoefu mnishauri nichague lipi kulingana na mashine niliyo nayo, na wiki za mwanzo nijifunze nini hasa.

Fundi wa Kihesa (Iringa)

Karibu sana, mdogo wangu. Nimefurahi kuona umekuja na mchezo unaoujua tayari, maana wengi huanza kwa kutaka kuiga mchezo mkubwa uliotengenezwa na mamia ya watu, na hukata tamaa kabla hawajaandika hata kanuni moja.

Kwa mashine yako, ushauri wangu ni lugha ya Lua ukiitumia ndani ya LÖVE, programu ndogo ya kuendeshea michezo iliyoandikwa kwa Lua. Kifurushi cha LÖVE cha Windows hakifiki megabaiti 10, ni cha bure, na toleo la 11 linahitaji OpenGL 2.1 tu (OpenGL ni njia ambayo programu hutumia kuchora kupitia kadi ya michoro), ambayo hata kompyuta za zamani zinayo. Unity ni gigabaiti kadhaa kabla hujafungua mradi wowote. Roblox Studio inataka uwe mtandaoni, na kwa mtu wa bando hilo ni tatizo kila siku.

Usihofu kwamba Lua ni njia ya pembeni. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, na ilibuniwa iwe ndogo kiasi cha kuweza kuwekwa ndani ya programu nyingine, na ndiyo sababu watengenezaji wa michezo waliipenda. Nyongeza ambazo wachezaji wa World of Warcraft hujitengenezea huandikwa kwa Lua, na lugha ya Roblox, Luau, imetokana na Lua 5.1. Utakachojifunza Uyole bila intaneti utakuta kinakubalika kwingine.

Sasa, ujifunze nini? Hapa naomba unisikilize kwa makini. Mchezo wowote una sehemu mbili. Injini hushughulikia dirisha, sauti, kibodi na kipanya; skripti ndiyo inayosema kanuni, yaani nini kinaruhusiwa, nini hubadilika na nani ameshinda. Wanaoanza huvutiwa na picha, wakatumia wiki nzima kutafuta rangi ya ubao wakati hakuna kete hata moja inayosogea. Anza na kanuni, tena kanuni ndogo kuliko zote. Acha kabisa bao la Kiswahili lenye nyumba, ghala na kunamua. Chukua bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana mashimo 16 ya kwake na kete 32. Andika upande mmoja tu:

```
local mashimo = {}
for i = 1, 16 do
  mashimo[i] = 2
end

local function sambaza(shimo)
  local mkononi = mashimo[shimo]
  mashimo[shimo] = 0
  while mkononi > 0 do
    shimo = shimo % 16 + 1
    mashimo[shimo] = mashimo[shimo] + 1
    mkononi = mkononi - 1
  end
  return shimo
end
```

Maneno machache ya lugha yenyewe hayabadiliki, lakini majina yote mengine ni yako, na nakushauri uyaandike kwa Kiswahili ili akili isibebe mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mstari wa kutafakari ni ule wenye alama ya asilimia. Alama hiyo hutoa baki la kugawanya. Ukiwa shimo la 5, baki la kugawanya kwa 16 ni 5, ukiongeza moja unapata 6. Ukiwa shimo la 16, baki ni sifuri, ukiongeza moja unarudi shimo la 1. Kwa hiyo mkono unazunguka upande wako wote bila kutumbukia nje ya ubao. Imeandikwa hivyo kwa sababu majedwali ya Lua huanza kuhesabu na 1, tofauti na lugha nyingi zinazoanza na 0.

Weka msimbo huo kwenye faili liitwalo main.lua ndani ya folda, kisha liburute folda hilo juu ya ikoni ya LÖVE. Andika kwenye dirisha namba za mashimo yote na jumla yake. Jumla lazima ibaki 32 kila unaposambaza. Ikitokea 31 au 33, usiendelee mbele hata hatua moja mpaka umejua kete ile imepotelea wapi. Kabla hujaendesha programu, chora mashimo kwenye daftari, sambaza kwa penseli, andika unachotarajia, ndipo ulinganishe. Hiyo ni kazi inayofanyika hata umeme ukiwa umekatika.

Mwalimu wa TEHAMA (Tukuyu)

Nakubaliana na Fundi kuhusu kuanza na kanuni. Ninapotofautiana naye ni kwenye chombo. Kijana anayeelekea chuo angenufaika zaidi na Godot, kwa sababu ina kihariri kamili ambamo unapanga mandhari, sauti na vitufe kwa macho, na lugha yake ya GDScript inasomeka kwa urahisi. Godot ilianzishwa na vijana wa Argentina, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2014, na hudaiwi chochote hata mchezo wako ukiuzwa. Upakuaji wake haufiki megabaiti 200. Jambo la kuangalia ni kadi ya michoro: toleo la 4, hata ukichagua hali yake nyepesi ya utangamano, linahitaji OpenGL 3.3. Kabla hujapoteza bando, tafuta kwanza kama mashine yako inaifikia.

Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, naitumia kwa wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, nayo ina toleo la kusakinisha lisilohitaji intaneti. Kwa wewe unayeimudu hisabati ya kidato cha sita, naona utaichoka upesi.

Mwanagenzi wa Uyole (Mbeya)

Shikamooni, wakubwa zangu, na ninawashukuru kwa dhati. Mwalimu, mashine yangu inaishia chini ya OpenGL 3.3, kwa hiyo nimeanza na LÖVE. Msimbo wa Fundi unafanya kazi na jumla inabaki 32. Nimeongeza pia sehemu ya kubofya shimo kwa kipanya. Sasa nimekwama mahali pamoja: nikibofya, kete zote zinahama kwa mara moja, na mtazamaji haoni zilipopita. Nilipoweka amri ya kusubiri ndani ya mzunguko wa while, dirisha zima liliganda, kisha likaonyesha matokeo ya mwisho tu. Naomba pia kujua namna ya kusambaza kwa upande wa pili, kwa kuwa kwenye bao mchezaji huchagua kulia au kushoto.

Fundi wa Kihesa (Iringa)

Umefika mahali penyewe, mdogo wangu, na hapa ndipo uandishi wa skripti za mchezo unapoachana na uandishi wa programu nyingine.

LÖVE huita fanksheni zako mbili (yaani vipande vya msimbo vyenye jina, kama sambaza) mfululizo, mara nyingi kwa kila sekunde: love.update hubadilisha hali ya mchezo, na love.draw huichora. Mzunguko wako wa while ulikuwa unamaliza kazi yote ndani ya wito mmoja, na hakuna kinachochorwa mpaka wito huo uishe. Ukisubiri humo ndani, umelisubirisha na dirisha.

Kwa hiyo uondoe mzunguko. Kitoe kigeu (jina linalobeba thamani) cha mkononi nje ya fanksheni ili kidumu kati ya wito na wito, na kitoe cha shimo vilevile. Bofyo la kipanya libaki na kazi moja: kuchota kete za shimo na kuziweka mkononi. Kisha love.update hupokea namba iitwayo dt, ambayo ni sekunde zilizopita tangu ilipoitwa mara ya mwisho. Ijumlishe kwenye kigeu kingine, kiite saa. Saa ikifika 0.3 na mkononi bado kuna kete, ipunguze 0.3, songa shimo moja, dondosha kete moja. Kwa kuwa unahesabu sekunde na si idadi ya wito, mchezo utakwenda kwa kasi ileile kwenye mashine yako na kwenye mashine mpya. Hakikisha pia bofyo linapuuzwa wakati mkononi hakujaisha, la sivyo mchezaji mwenye haraka atachota kete nyingine katikati ya mwendo na jumla yako ya 32 itavurugika.

Kwa upande wa pili tumia (shimo - 2) % 16 + 1. Kutoka shimo la 1 utapata baki la −1 kwa 16, ambalo kwa Lua ni 15, ukiongeza moja unafika shimo la 16. Ukihamia lugha ya C# siku moja, kumbuka kwamba huko jibu la baki hilo ni −1, na kanuni hii haitafanya kazi ilivyo.

Ukishaona kete zikidondoka moja moja, ongeza kanuni ya kulala, yaani zamu kuisha kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu. Mkononi kukiisha, angalia shimo la mwisho. Kama lilikuwa tupu kabla ya kete yako kuingia, sasa lina kete moja, kwa hiyo usitafute 0 bali 1. Ukitafuta 0 mchezaji wako hatalala kamwe.