Naomba ushauri: pensheni ya 2025 imekatwa kodi

Habari zenu wanachama, hasa mlio kwenye uhasibu na usimamizi wa mifuko ya pensheni.

Chama chetu cha wastaafu hapa Umoja, Kenya, kinamsaidia mwenzetu aliyestaafu kwa umri Februari 2025. Mkupuo wake, yaani pensheni aliyolipwa kwa mara moja, ulikuwa shilingi 2,000,000. Mfuko ulisamehe 600,000 kwa kanuni ya zamani, yaani 60,000 kwa kila mwaka wa utumishi hadi miaka 10, kisha 1,400,000 zilizobaki zikapigwa kwa viwango vya 10, 15, 20 na 25 kwa mia. Karatasi ya malipo inaonyesha 230,000 zimekatwa. Hizo ndizo alizotenga kwa paneli na betri za sola.

Tangu 27 Desemba 2024, pensheni ya anayefikia umri wa kustaafu haitozwi kodi. Kwa hiyo mwanasiasa wa upinzani anayehubiri kwamba sheria inawakamua wazee amepitwa na wakati kuhusu sheria yenyewe, ila kwa karatasi hii uchungu wake nauelewa kabisa.

Tumeandikia mfuko mara mbili, tukaambatisha barua ya kustaafu. Jibu: pesa zimeshapelekwa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), hazirudi kwao.

Naomba kujua:
1. Mfuko urekebishe ritani yake ya makato (taarifa ya kodi uliyowasilisha) kwanza, au mstaafu adai marejesho mwenyewe kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni?
2. Akidai mwenyewe, mkupuo huu aujaze sehemu gani ya ritani ya mwaka ili usihesabiwe tena kama mapato ya kutozwa kodi?

Aliyewahi kulipwa marejesho ya aina hii atuambie aliambatisha nini. Asanteni.