Mashindano ya kushuti kikapu: msichana apewe mpira namba 6 au apige namba 7 kama wanaume?

BintiIgoma

Wadau habari za jioni. Naombeni tusaidiane kwa hili maana limenikaa rohoni tangu Jumapili. Huku kwetu Igoma, Mwanza, kulikuwa na bonanza dogo la kushuti kikapu, siyo mechi, ni kushuti tu, fritroo (yale mashuti ya bure, hakuna anayekuzuia) 10 afu mipira 10 toka mstari wa pointi tatu, wavulana na wasichana wote wanachanganywa, mshindi anachukua jezi na hela kidogo. Mdogo wangu wa kike yupo form three, anacheza mwaka wa pili sasa na anafanya mazoezi na mpira namba 6, ule mdogo wa wanawake (namba 7 ndo wa wanaume), tuliochangishana nyumbani tukamnunulia. Nimemhesabia mwenyewe mara nyingi, fritroo 10 hakosi kuingiza 7, siku akiwa vizuri 8.

Zamu yake ilipofika akaenda na mpira wake. Waandaaji wakamnyang'anya, wakamwambia mpira ni mmoja kwa wote, namba 7, usawa ni usawa. Hakupewa hata dakika mbili za kuuzoea. Fritroo akaingiza 4. Kwenye pointi tatu ndo kabisa, mipira mitano ya kwanza yote ilikuwa inagonga mdomo wa mbele wa ringi inarudi, ya baadaye hata ringi haikugusa, mkono umeshachoka. Vijana wakawa wanampigia kelele kwamba ndo maana huwa wanapewa mpira wa watoto. Alirudi nyumbani hajaongea na mtu, mpira kauweka chini ya kitanda mpaka leo hajautoa.

Swali langu, ile ilikuwa haki kweli? Baada ya wiki mbili kuna bonanza lingine na nataka niende kuongea na waandaaji, ila niende na hoja, siyo hasira.

Dogo_Mabatini

Pole kwa mdogo wako dada, zile kelele hazikuwa za kiungwana. Ila mi naongea ukweli ninavyouona. Mpira mdogo ringi ileile, unaingia kirahisi, hiyo haihitaji shule. Kama mnataka kushindana pamoja basi mpira mmoja, au wasichana wawekewe mashindano yao na zawadi yao. Huwezi ukataka zawadi moja afu kifaa tofauti, ni kama mbio mtu mmoja aanzie mbele.

Kocha_Nyakato

BintiIgoma nimefundisha vijana kwa miaka mingi hapa Mwanza, wavulana na wasichana, ngoja nikupe namba uende nazo.

Namba 7 kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mzunguko wake ni sm 75 mpaka 77, uzito gramu 580 mpaka 620. Namba 6 mzunguko sm 71.5 mpaka 73, uzito gramu 510 mpaka 550. Ringi kwa ndani ni sm 45 na imefungwa mita 3.05 toka chini, kwa wote. Mstari wa fritroo mita 4.60 toka kwenye ubao, kwa wote. Pointi tatu mita 6.75, kwa wote, tangu 2010 ulipotolewa kwenye 6.25 ukasogezwa nyuma, na wanawake walisogezewa palepale na wanaume, hakuna aliyewaonea huruma. Kwahiyo kitu pekee kinachobadilika ni mpira.

Sasa Dogo anasema mpira mdogo unaingia kirahisi. Ni kweli, ila tupime ni kwa kiasi gani. Upana wa namba 7 ni kama sm 24, wa namba 6 ni sm 23. Ukiupitisha katikati ya ringi, namba 7 inabakiza kama sm 10 na nusu kila upande, namba 6 inabakiza sm 11. Tofauti ni nusu sentimita kila upande, upana wa kidole kidogo haufiki. Hiyo ndo faida yote mnayoipigia kelele.

Hasara yenyewe hakuna anayeihesabu. Chukua sahani ya ugali uishike mbele ya uso wako imelala, uitazame kwa juu, ni duara. Sasa iteremshe taratibu uitazame kwa ubavu, inakuwa nyembamba mpaka inabaki kama mstari. Ringi nayo iko hivyohivyo mbele ya mpira. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45 unaikuta ringi ina uwazi kama wa sm 32, kuna nafasi. Ukija bapa kwa nyuzi 30 uwazi ni sm 22 na nusu tu, hapo hata namba 6 haipiti bila kugonga, namba 7 ndo kabisa. Na nani anapiga bapa? Yule ambaye mpira umemzidi uzito, kiganja kimeshindwa kuubeba, anausukuma kutoka kifuani ili ufike tu. Huyo mdogo wako aliyekuwa anagonga mdomo wa mbele wa ringi alikuwa na shabaha, alichokosa ni ule mwinuko, na mwinuko ulichukuliwa na zile gramu 70 zilizoongezwa ghafla kwenye mkono usiozizoea, toka mita 6.75, mara kumi mfululizo.

Dogo_Mabatini

Kocha nimekuelewa kwenye pointi tatu, pale nguvu inahitajika. Fritroo lakini? Mita 4.60 mtoto wa form three anafikisha namba yoyote. Na tuangalie huko juu, Elena Delle Donne kwenye WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, kamaliza na fritroo karibu 94 kwa 100, Steph Curry wa NBA, ligi ya wanaume, mwenyewe anayeimbwa dunia nzima yupo kwenye 91. Kwanini mwanamke ampite Curry kama siyo mpira mdogo?

Kocha_Nyakato

Hapo umechukua mtu mmoja ambaye ni hatari kupita wote. Chukua ligi nzima. Wanawake wa WNBA na wanaume wa NBA kwenye fritroo wanakaribiana sana, wote wapo kwenye sabini mwishoni wanagusa themanini kwa mia. Fikiria maana yake mdogo wangu. Ungekuwa mpira mdogo ni zawadi, wanawake wote wangekuwa juu kwa mbali, siyo Delle Donne peke yake. Kila mtu akipewa mpira unaokaa kwenye kiganja chake wanatoka sare. Mi nikitafuta usawa natafuta hiyo sare.

Na zamani haikuwa hivi. Vyuo vya Marekani wanawake walianza kutumia mpira mdogo msimu wa 1984-85, WNBA ilipoanza 1997 ikaanza nao, mashindano ya kimataifa yakafuata miaka ya 2000. Kabla ya hapo akina mama walipiga namba 7 na walipiga kweli, sasa sisi mtaani bado tunawarudisha huko.

MzeeWaKirumba

Vijana mnajadili vizuri, niwakumbushe jambo ambalo lilishaamuliwa mbele ya watu wengi. Februari 2024 kule Indianapolis, wikiendi ya All-Star, ile ya nyota wa NBA, Curry alishindana kushuti pointi tatu na Sabrina Ionescu wa WNBA. Yule binti angeweza kusimama kwenye mstari wa WNBA ambao ni mita 6.75, akasema hapana, nasimama kwenye wa wanaume, mita 7.24. Mpira akatumia wake wa namba 6, Curry akatumia wake namba 7. Curry 29, Sabrina 26. Usiku uleule Damian Lillard alishinda mashindano ya pointi tatu ya wanaume, na kwenye raundi ya mwisho alipata 26. Yaani alama za yule binti zilikuwa sawa na za bingwa wa wanaume wa usiku ule. Sikusikia Curry akidai mwenzake anyang'anywe mpira. Kama Curry ameona ni sawa, sisi wa Igoma na Kirumba tunaona nini zaidi yake?

Dogo_Mabatini

Shikamoo mzee. Hiyo mechi niliiangalia. Ila lile lilikuwa onyesho, kila mtu alijua sheria kabla, na zawadi haikuwa jezi ambayo mtu anaihitaji kwelikweli. Bado mi nasema kwenye fritroo hiyo nusu sentimita ipo na siyo uongo. Nakubali tu kwamba kumnyang'anya mtu mpira dakika ya mwisho bila hata kuupasha ni uonevu, hata mimi ukinipa namba 6 ghafla napitiliza ringi. Nishawahi kuchukua wa dada zetu nikajaribu, mashuti matatu ya kwanza yote yaligonga ubao juu huko.

TichaMichezo_Magu

Dogo hilo la mwisho ulilosema ndo lenyewe, mkono unakariri uzito.

Naomba niongeze jambo ambalo linaniumiza zaidi ya bonanza. Mimi nafundisha michezo sekondari. Wasichana wengi wanakuja kikapu wakitokea netiboli. Ringi ya netiboli nayo ipo mita 3.05, haina ubao, na uwazi wake ni sm 38 tu, tena wanashuti wamesimama. Yaani hawa watoto wanakuja tayari wana shabaha ambayo mvulana wa mpira wa miguu hana. Mpira wa netiboli mzunguko ni kama sm 70, gramu 400 mpaka 450. Mtoto akitoka hapo akapewa namba 6 anapanda ngazi moja, ndani ya miezi michache mkono unakubali. Akipewa namba 7 anarukishwa ngazi mbili. Nikuambie kinachotokea maana nakiona kila mwaka: kiwiko kinatoka nje, mkono wa pili ambao kazi yake ni kushikilia tu unaanza kusukuma, mpira unashuka toka juu ya paji la uso mpaka kifuani, afu kiunoni. Akishazoea hivyo hata ukija kumpa namba 6 baadaye inakuchukua mwaka mzima kumrudisha.

Na kwanini anapewa namba 7? Kwa sababu stoo ndo ipo hiyo. Ukiandika maombi ya vifaa unaandika mipira ya kikapu mitano, aliyeenda dukani analeta mitano ya namba 7 kwa sababu hajui kama kuna tofauti, na wavulana ndo wanaanza kuichukua jioni, wasichana wanasubiri wakimaliza, na wakimaliza giza limeingia. Sasa mtoto wa hivyo akija kwenye bonanza ukamwambia usawa ni usawa, usawa gani? Jioni zote zile alizokaa kwenye benchi ya mawe akisubiri nani alizihesabu? BintiIgoma ukienda kuongea nao usiishie kwenye mpira wa siku hiyo tu, waulize wasichana wanapewa uwanja saa ngapi.

Kocha_Nyakato

Ticha umenena. Na kwa waandaaji ambao kweli wanataka mpira mmoja tu, njia ipo. Ule mchezo wa watatu kwa watatu ulioingia Olimpiki ya Tokyo, mpira wake una ukubwa wa namba 6 na uzito wa namba 7, na wanaume kwa wanawake wote wanatumia huohuo. Wanaume wakubwa kabisa wanashuti mpira mdogo na hakuna anayeuita wa watoto. Tatizo kuupata huku, mi sijauona kwenye maduka ya hapa mjini. Kwahiyo rahisi ni kila mtu na mpira wake, mstari mmoja, ringi moja, na kila mtu apewe mipira mitano ya kupasha kabla ya kuhesabiwa.

Jambo jingine, pimeni mpira wenyewe. Hii ya raba ya bei rahisi imeandikwa 7 lakini uzito haujulikani.

BintiIgoma

Wabeja sana wote, hata wewe Dogo, maana maswali yako ndo yale niliyoenda kuulizwa.

Kocha nimefanya ulivyosema. Jana nimeazima ule mpira wa bonanza, nikaupeleka kwa mama anayeuza dagaa hapa jirani ana mizani ya dijitali. Akaufuta vumbi, akauweka juu ya kikombe usibingirike, kikombe tukakitoa kwenye hesabu. Gramu 662! Tukarudia mara tatu, ileile. Wa mdogo wangu ukasoma 524. Futi ya fundi cherehani ikatoa sm 77 na nusu kwa ule mkubwa. Yaani hata hao wavulana walikuwa wanapiga mpira ambao siyo halali, na mdogo wangu alikuwa ameongezewa karibu gramu 140 juu ya anaouzoea. Mama wa dagaa akaniuliza kwani huo mpira wa mnyang'anyo wameujaza mchanga.

Leo nimeongea na mwandaaji mmoja, mtu mzima, akanisikiliza vizuri. Mwanzoni alishika ile ya mpira mdogo unaingia kirahisi, nikamwekea ile hesabu ya nusu sentimita, akanyamaza. Nilipomwonyesha picha ya mizani akashika kichwa. Amekubali kila mtu aje na mpira wake au achague kati ya namba 6 na 7 watakazoweka pale, mvulana akitaka namba 6 apewe pia, mistari ibaki ileile, na mipira mitano ya kupasha. La muda wa uwanja amesema siyo lake peke yake, kuna vijana wanaoshikilia uwanja jioni, tutakaa nao Jumamosi. Ticha hapo nitahitaji uje kama unaweza, sisi tukiongea wenyewe wanatuona watoto.

Nimefika nyumbani nimemkuta mdogo wangu anapika, nikamwambia. Hakusema kitu. Baadaye nikamsikia anauliza pampu ipo wapi.