Mwanza yote hii imezungukwa na ziwa ila kushusha boti mpaka umjue mtu, kweli?

Wakuu habari zenu. Nimevumilia sana ila leo acha nilete huku.

Nina kaboti kangu ka faiba, futi 14, injini HP 15, nakavuta na trela nyuma ya pikapu. Sio boti ya biashara, ni ya kuvulia ndoano wikendi na kuzungusha watoto. Vibali ninavyo, laifu jaketi ninazo za kila kichwa. Ninachokosa ni sehemu ya kuishushia majini. Hapa Mwanza jamani, ambapo ukipanda jiwe lolote unaona maji!

Nimeenda ofisi inayohusika (siitaji, msinitafutie kesi) jamaa bila hata kunyanyua kichwa kwenye simu ananiambia "tumia mwalo wowote", yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Wowote upi? Hakuna orodha, hakuna ramani, hata kibao barabarani hakuna. Nikafuata ramani ya simu, imeandika ufukwe, barabara ya vumbi nikashuka nayo mpaka mwisho nikakuta geti, mbwa wawili na mlinzi ananiuliza nimeagizwa na nani. Maji yanaonekana juu ya ukuta wake pale. Halafu kugeuza trela kwenye kichochoro kile ni shughuli nyingine, nimekwangua ubavu wa gari na hakuna wa kumdai.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Muuza mihogo akiweka kibanda, hizo mita 60 atasomewa asubuhi hiyo hiyo. Ila ukuta wa mawe umeingia mpaka kwenye maji kabisa, hapo futi kamba imepotea.

Haya twende mwaloni. Kwanza niseme wavuvi sina ugomvi nao, pale ni kazini kwao, dagaa wameanikwa, sangara wanapimwa, wewe unakuja na trela lako unataka wahamishe nyavu, hata ningekuwa mimi ningekasirika. Ndio maana nasema mwalo wa samaki sio jibu la hili swali. Kuna mmoja upande wa Ilemela una mteremko wa zege, nikasema hapa nimepona. Kumbe maji yalivyojaa 2020 yakaja kujaa tena 2024 yamekula ncha yote ya zege, vipande vimebaki vinaning'inia na nondo zimetokeza, na juu yake magugu maji yamefunika kijani tupu huoni kitu. Narudi rivasi taratibu, nasikia kaa!, tairi la kushoto limetumbukia katikati ya vipande viwili, nondo imepasua ubavu wa tairi, trela limelala upande na boti inataka kuteleza.

Vijana wakaja. Elfu ishirini kusukuma. Sawa, jasho lao, nimelipa. Mara anatokea mzee wa daftari, "ushuru wa boti elfu kumi". Nikamwambia nipe kontroli namba nilipe kwenye simu sasa hivi, akanicheka mbele za watu na daftari akafunga akasema basi toa tano. Sasa huo ni ushuru gani unaoshuka bei kama nyanya za jioni??

Kingine watu hawakifikirii, kusukuma boti umesimama kwenye maji ya magoti katikati ya majani ndio mazingira yenyewe ya konokono wa kichocho. Na mchana upepo ukianza kuvuma kutoka ziwani unarudi na mawimbi mgongoni, mbele yako mawe matupu, sehemu uliyoshushia asubuhi imejaa mitumbwi, unazunguka tu na mafuta yanaisha. Hapo ndio watu wanapigizwa kwenye miamba.

Swali langu kwa wenye mamlaka: daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, magari yanapita juu. Sasa zile sehemu za zege kivuko kilipokuwa kinapandishia magari, pande zote mbili, zina mpango gani? Mteremko umeshajengwa, barabara ya lami inafika, eneo la foleni ni parking tayari. Weka kibao, weka bei, weka mashine ya risiti, basi. Mimi nipo radhi kulipa, sio kwamba natafuta cha bure.

Kwa sasa naomba mwenye uzoefu ashushe sehemu anazozijua, kuanzia Igombe mpaka Luchelele, hata Magu au Sengerema nitaenda. Msiniandikie "pako poa" tu, semeni chini ni mchanga au tope, gari dogo linafika au mpaka four wheel, nani anachukua hela na anatoa risiti au daftari, na gari ukiliacha unalikuta na betri.

Na wale wa "si uende tu hotelini mkuu", nimeshaenda. Wanataka kwanza ninunue chakula cha watu wanne ndio wanifungulie geti, na jioni likishafungwa boti inalala humo mpaka kesho.