Kompyuta ya mezani haiamki ikishalala: ninunue pawa saplai au UPS?

Mwenyeji wa Chikongola: Habari zenu, ndugu. Kompyuta ya steshenari yangu hapa Mtwara mjini hulala nikiiacha kwa nusu saa, na nikirudi haiamki hata nikibonyeza kibodi, hivyo hulazimika kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Mwezi huu nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Nichukue kipi: pawa saplai (kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme) au UPS (betri ya akiba umeme unapokatika)?

Fundi wa Masasi: Ndugu, hujatueleza la msingi. Inapokataa kuamka, feni inazunguka huku skrini ikiwa nyeusi, au mashine imekaa kimya kabisa? Ni Windows ipi? Kama feni inazunguka, usinunue chochote, kwa kuwa hapo mshukiwa wa kwanza ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha.

Mkazi wa Mikindani: Mimi nasema UPS. Kompyuta iliyolala huendelea kulisha ramu, yaani kumbukumbu yake ya muda, kwa umeme, na umeme ukikatika, kilichokuwa humo hupotea. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa karani wa chama cha msingi. Nilikuwa nimeingiza uzito wa magunia ya wakulima tangu asubuhi bila kuhifadhi, nikaenda kula, mashine ikalala, umeme ukakatika kwa dakika chache tu. Niliporudi orodha haikuwepo, na wakulima walikuwa bado wamepanga foleni nje. Ilinibidi nirudie stakabadhi moja moja hadi usiku. Aibu ile sijaisahau.

Binti wa Nachingwea: Pole sana, kaka. Hata hivyo, kompyuta za mezani zenye Windows kwa kawaida huwa na usingizi mseto, ambao huandika pia nakala kwenye diski, kwa hiyo huenda kwako ulikuwa umezimwa. Andika powercfg /a kwenye dirisha la amri, utaona mashine inakubali usingizi wa aina gani.

Mkazi wa Mikindani: Dada, mseto au si mseto, UPS ingeniokoa.

Mwenyeji wa Chikongola: Samahani kwa kuchelewa. Ni Windows 10, feni haizunguki, na mashine imekufa kimya. Nilisahau kusema kwamba niliinunua ikiwa imetumika, ni zile ndogo za maofisini.

Fundi wa Masasi: Hilo ndilo tulilolihitaji. Katika pawa saplai ya kawaida, waya wa zambarau hubeba volti 5 za kusubiri hata mashine ikiwa imezimwa. Kipimo kikishuka chini ya 4.75, pawa saplai imechoka. Lakini nyingi za hizo ndogo zina umbo na plagi zake zenyewe, hivyo ya dukani inaweza isiingie kabisa. Fungua boksi usome kibandiko kabla hujatoa fedha.

Binti wa Nachingwea: Wakati unasubiri, izuie isilale, izime skrini tu.

Mwenyeji wa Chikongola: Nimeizuia. Kibandiko kimefifia, na mita ya kupimia volti sina. Fundi, kwa mashine ya namna hii, waya nitautambuaje?