Ushauri: Bagi (kosa la programu) iliyorekebishwa imerudi, lawama zote kwa testa

Mchunguliaji:
Wakuu, habari za jioni. Niko kampuni ndogo hapa Dar, madevelopa wanne wa kuandika programu, testa wa kuzijaribu mimi peke yangu. Tuna mfumo wa SACCOS: mwanachama analipa rejesho kwa simu, deni lake linapungua.

Mwezi uliopita tuligundua kuwa taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu ikija mara mbili, deni nalo linapunguzwa mara mbili. Ikarekebishwa. Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, nikaletewa toleo jipya: "Pitia chapchap, linapanda kwa mteja leo." Nikapitia zile skrini zilizoguswa tu. Jumatatu asubuhi mhasibu wa mteja anapiga simu, mama mmoja kalipa 50,000, kapunguziwa 100,000. Bagi ileile! Kumbe developa mmoja alikuwa na nakala ya zamani, akaibandika juu ya iliyorekebishwa.

Bosi kaniuliza mbele ya watu, "Sasa kazi yako wewe ni nini?" Anataka fomu ya kurasa tatu niwe nasaini kabla ya kila toleo. Itasaidia, au nianze kusambaza CV?

KaaLaMoto:
Ijumaa saa kumi na moja 😂 Naweka kambi hapa.

FundiSeva:
Pole mkuu. Fomu utasaini, bagi itapita chini ya saini yako, na safari hiyo ushahidi utakuwa umeuandika mwenyewe.

Kwangu mimi, bagi isiyo na jaribio la kuilinda haijarekebishwa, imelala tu. Developa kabla hajagusa msimbo (maandishi ya programu) aandike jaribio linalojiendesha: taarifa ileile ya malipo itumwe mara mbili, deni lipungue mara moja. Lifeli kwanza, ndipo arekebishe. Likishafaulu linakaa kwenye Git, pale mnapotunza matoleo yote ya kazi, pamoja na msimbo, na linaendeshwa kila mtu anapoleta mabadiliko. Ile nakala ya zamani ingekwama hapo kabla hata hujaletewa.

La pili, namba ya muamala iwekewe sharti la upekee kwenye kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu za mfumo), yaani isiweze kuingia mara mbili. Kuingiza muamala na kupunguza deni vifanyike pamoja, kimoja kikishindikana vyote vifutike. Msimbo ukijisahau, kanzidata inakataa.

BiMkaguzi:
Swali ambalo bosi hajauliza: nani alipitia kazi ya huyo developa? Kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital, Marekani, 1 Agosti 2012: msimbo mpya ulipandishwa seva saba, ya nane ikasahaulika, ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala miaka. Dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 400 zimekwenda. Hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Hapo ungemlaumu testa?

Mzee_wa_Java:
Napingana kidogo. Kwetu tuliamua kuandikia majaribio mfumo mzima. Miezi miwili hakuna kilichopanda, bosi akaua mradi. Vijana mnapenda sana vitu vya kwenye semina.

FundiSeva:
Mzee wangu, sijasema mfumo mzima. Aanzie penye pesa. Rangi ya kitufe ikikosewa hakuna atakayepiga simu Jumatatu.

Mzee_wa_Java:
Hapo sawa. Na Ijumaa msipandishe kitu.

Mchunguliaji:
Wakuu, mrejesho. Sikwenda kwa bosi, nilimfuata developa mwenyewe. Jaribio tumeliandika wote wawili na sasa linaendeshwa kila mabadiliko yakiingia.

Kwenye sharti la upekee ndiyo kasheshe. Tulipojaribu kuliweka, kanzidata ikagoma: tayari kulikuwa na miamala mingine mitatu iliyojirudia, ya tangu mwaka jana, na hakuna aliyewahi kuiona. Nimempelekea bosi orodha. Ya fomu hajaitaja tena, ila kaniambia kesho niende naye kwa mteja.