Tuliadhibiwa usiku kucha kwa kosa la saa na hadi leo hakuna aliyeomba radhi

Wakuu hii hasira nimekaa nayo miaka, leo naitema. Kila nikisikia mtu anasifia mafunzo ya uofisa wa jeshi la majini kwa kuangalia zile picha za sare nyeupe, nabaki nacheka tu.

Tulikuwa kadeti 11 kwenye meli ya mafunzo, GPS tumefichwa makusudi, mnapewa sekstanti (kifaa cha kupima pembe ya jua juu ya upeo wa bahari) na kronomita (saa maalum ya meli) mtafute wenyewe meli iko wapi. Kwa asiyejua, kulishusha jua kwenye kioo mpaka liguse upeo wa bahari huku meli inayumba na jicho linatoa machozi sio mchezo, ukilipata unapiga kelele "sasa!" mwenzako anaandika saa, dakika na sekunde. Sekunde ndio roho ya kazi, maana saa ikikosea sekunde 4 tu longitudo inahama dakika 1 (dakika ya pembe, 60 ni nyuzi moja, sio ya saa), na ukiwa ikweta hiyo ni maili 1 ya baharini, mita 1852. Ndio maana kronomita ina daftari lake, kila siku inaandikwa imetangulia au imechelewa kwa kiasi gani.

Tukapiga hesabu tukapeleka. Afande mkufunzi akalinganisha na GPS yake, matusi yakaanza. Wote 11 tumeangukia magharibi, dakika 8 zilezile! Latitudo ya adhuhuri, ambayo haitegemei sekunde za saa, safi kabisa kwa kila mtu. Jamani watu 11 wanakoseaje sawasawa? Mimi na kiherehere changu nikasema afande, kwa heshima, hapa tatizo ni saa. Akaniuliza kama hiyo saa kaitengeneza baba yangu.

Usiku ule tulisugua shaba za meli nzima, pushapu kwenye sitaha mpaka viganja vikachubuka, halafu mimi saa 6 usiku naingia zamu mpaka saa 10, eti niangalie taa za meli zinazokuja, nikiona nyekundu upande wangu wa kulia mimi ndiye wa kupisha, na kope zenyewe zinajifunga, huo usalama gani?

Asubuhi mwenzetu akachungulia daftari. Afande alitusomea sahihisho la ukurasa wa mwezi uliopita, kronomita ilikuwa imetangulia sekunde 32 zaidi ya alivyotusomea. Gawanya kwa 4 uone.

Alipoonyeshwa akasema "haya rudieni hesabu", akaenda zake kunywa chai. Ile alama ya kufeli iko kwenye faili langu mpaka leo.